Kurt Hahn: Mwalimu aliyeifanya merikebu kuwa darasa hadi fikra zake zikafika Kilimanjaro

MSAFIRI atokaye mjini Voi kuelekea magharibi hupitia Mwatate, Bura na Maktau kabla ya kuwasili Taveta. Asubuhi isiyo na mawingu, kilele cha Mlima Kilimanjaro humlaki kwa mbali. Pale Taveta njia hugawanyika. Moja huvuka mpaka wa Holili na kuendelea hadi Moshi nchini Tanzania. Nyingine hushika upande wa kaskazini, ikapitia Njukini na Illasit hadi Loitokitok katika Kaunti ya Kajiado.

Katika miji hiyo miwili, mmoja kila upande wa mlima, fikra za mwalimu mmoja Mjerumani zilipata makao. Jina lake ni Kurt Hahn. La ajabu ni kwamba fikra hizo hazikuzaliwa mlimani. Zilikomaa katika fuo baridi za Uskoti na Wales, miongoni mwa wavulana waliokuwa wakijifunza kutweka matanga, kushika usukani na kukesha zamu usiku wa manane huku chombo kikipigwa na mawimbi.

Hahn aliishi miaka 88, tangu 1886 hadi 1974. Katika umri huo alishuhudia vita viwili vya dunia, akatiwa gerezani, akaikimbia nchi aliyozaliwa na kuanza maisha upya ugenini. Swali lililomwandama siku zote ni moja: elimu ina faida gani iwapo kijana aliyeipata hana moyo wa kujitosa kumwokoa mwenzake?

Mtoto aliyelikimbia jua

Kurt Hahn alizaliwa mjini Berlin mnamo Juni 5, 1886 katika familia ya Kiyahudi iliyokuwa na viwanda na utajiri. Alikuwa kijana mwenye siha na mpenda michezo. Lakini alipokuwa na umri wa takriban miaka 18, alipigwa na jua vibaya mno. Maradhi hayo hayakumwacha tena. Ilimlazimu kufanyiwa upasuaji, kukaa muda mrefu katika vyumba vyenye giza na kuvaa kofia ya ukingo mpana kila atokapo nje.

Aliyekuja kuwahimiza maelfu ya vijana wakabiliane na jua, mvua na baridi alikuwa basi mtu ambaye mwili wake mwenyewe ulikuwa umemsaliti. Huenda ndiyo sababu hakuwahi kuiona siha kuwa jambo la kujivunia tu. Kwake ilikuwa amana, na mwenye amana hana budi kuitumia kwa faida ya wengine.

Alisoma katika Chuo Kikuu cha Oxford nchini Uingereza na pia katika vyuo kadhaa vya Ujerumani. Vita Vikuu vya Kwanza vilipozuka mwaka 1914, alirejea kwao. Wakati huo huo, huku kwetu, wanajeshi wa Kijerumani kutoka upande wa pili wa mpaka waliiteka Taveta mwezi wa Agosti, nao Waingereza wakajenga reli kutoka Voi ili kuwakabili. Makaburi ya wanajeshi yaliyoko Voi, Maktau na Taveta yangali yanashuhudia gharama ya vita hivyo.

Kwa sababu ya afya yake, Hahn hakushika bunduki. Kazi yake ilikuwa kuyasoma magazeti ya Uingereza na kuwaeleza wakuu wa serikali mjini Berlin yale ambayo adui alikuwa akiyafikiri. Baadaye alikuwa katibu na mshauri wa Mwanamfalme Max wa Baden, aliyekuwa chansela wa mwisho wa utawala wa kifalme nchini Ujerumani mnamo Oktoba na Novemba 1918. 

Vita vilipokwisha, wawili hao waliafikiana kwamba taifa lililoshindwa halingejengwa upya kwa siasa pekee. Mnamo 1920 walifungua shule ya Salem, karibu na Ziwa Constance, katika jengo lililokuwa zamani makao ya watawa. Humo watoto wa makabaila walichanganyika na wa watu wa kawaida. Walisoma vitabu, lakini pia walikimbia, walifanya kazi za mikono na walipewa majukumu ambayo kwingineko yalikuwa ya watu wazima.

Alipomkabili Hitler

Mtihani mkubwa wa maisha ya Hahn ulifika mwaka 1932. Mwezi Agosti, wafuasi wa chama cha Nazi walivamia nyumba moja katika kijiji cha Potempa usiku na kumuua kibarua mmoja mbele ya mamake. Watano miongoni mwao walipohukumiwa kifo, Adolf Hitler alijitokeza hadharani kuwaunga mkono na kuwaita wenzake.

Wengi walinyamaza. Hahn aliwaandikia waliowahi kusoma Salem na kuwataka wachague: ama wakatize uhusiano na Hitler, ama wakatize uhusiano na shule yao. Kwa mwalimu mwenye asili ya Kiyahudi, na kwa wakati ule, huko kulikuwa sawa na kuutia mkono katika tundu la nyoka.

Malipo yake hayakukawia. Hitler alitwaa mamlaka Januari 1933, na kufikia Machi Hahn alikuwa ametiwa mbaroni. Marafiki zake Waingereza walimtetea, na Waziri Mkuu Ramsay MacDonald akaingilia kati. Aliachiliwa, na Julai mwaka huo akawasili Uingereza akiwa mkimbizi. Shule aliyoijenga kwa miaka 13 alikuwa ameiacha nyuma.

Alichokiona Ujerumani kilimfunza jambo ambalo hakulisahau. Vijana waliomfuata Hitler hawakukosa nguvu wala bidii wala nidhamu. Walikosa huruma. Tangu hapo Hahn alishikilia kwamba mafunzo yanayomtia kijana ushupavu pasipo kumtia huruma ni hatari kuliko kutomfunza kabisa.

Shule kando ya bahari

Mwaka 1934 alifungua shule nyingine, Gordonstoun, katika eneo la Moray, kaskazini mashariki mwa Uskoti. Miongoni mwa wanafunzi wake wa mwanzo alikuwa kijana mmoja wa ukoo wa kifalme wa Ugiriki ambaye pia alikuwa amesoma Salem kwa muda. Huyo alikuwa Philip, ambaye baadaye alimwoa Malkia Elizabeth wa Pili na kujulikana kama Mwanamfalme Philip.

Hapo ndipo bahari ilipoingia katika elimu ya Hahn. Shule haikuwa mbali na bandari ndogo ya Hopeman, na wavulana walifunzwa kupiga makasia, kufunga mafundo, kusoma upepo na kuendesha vyombo vya matanga. Shule ilikuja kumiliki merikebu yake yenyewe, Prince Louis, ambayo wanafunzi ndio waliokuwa mabaharia wake. Tena walilinda pwani: dhoruba zilipovuma, walipanga zamu za kukesha wakitazama kama kuna chombo kilichomo hatarini.

Jambo hili si geni kwa watu wa pwani yetu. Tangu kale, kijana aliyetaka ubaharia alianza kwa kukumba maji ya ngama, akapanda daraja hadi kushika kamba za tanga, na miaka ikipita akaaminiwa usukani. Hakufunzwa ubaoni. Alifunzwa na bahari yenyewe, na makosa yake aliyaona papo hapo.

Hahn hakuwa baharia. Lakini aliiona siri hiyo. Merikebu ya matanga haiendeshwi na mtu mmoja. Mtoto wa tajiri na mtoto wa mvuvi hushika kamba moja na kuivuta kwa mkupuo mmoja, la sivyo tanga halipandi. Anayesinzia katika zamu yake huhatarisha roho za wenzake waliolala. Upepo haubembelezwi wala haupewi hongo. Kijana aliyezoea kusamehewa na mamake na kutetewa na babake hujikuta, kwa mara ya kwanza, mbele ya hakimu asiyejua upendeleo.

Vijana waliokufa maji

Vita Vikuu vya Pili vilipopamba moto, manowari za Kijerumani zipitazo chini ya maji zilizizamisha meli nyingi za mizigo za Uingereza katika Bahari ya Atlantiki. Mabaharia walionusurika walijikuta katika mashua ndogo za kuokolea, mbali na nchi kavu, wakiwa hawana maji ya kutosha wala chakula.

Lawrence Holt, mmoja wa wakuu wa kampuni ya meli ya Blue Funnel ya Liverpool, aliona jambo lililomtia uchungu. Kwa maoni yake, katika mashua hizo walikuwa wakifa zaidi vijana wenye nguvu kuliko wazee. Aliamini kwamba mabaharia wazee, ambao ujanani mwao waliendesha merikebu za matanga, walikuwa wameizoea shida na kujifunza kutegemeana, ilhali vijana waliokulia katika meli za injini walikata tamaa mapema.

Holt na Hahn walikutana wakati mwafaka. Shule ya Gordonstoun ilikuwa imehamishiwa Wales kwa sababu ya vita, na Hahn alikuwa akitafuta njia ya kuwafikishia vijana wengi zaidi, si wa shule yake tu, mafunzo aliyoyaamini. Kampuni ya Holt ilitoa msaada wa fedha, na mnamo Oktoba 1941 chuo cha mabaharia kikafunguliwa Aberdovey, kwenye mlango wa mto katika pwani ya magharibi ya Wales. Kiliitwa Outward Bound, jina linalotumiwa kwa meli iliyong'oa nanga na kuondoka bandarini kuelekea bahari kuu. Holt ndiye aliyelipendekeza, nalo likadumu ingawa Hahn hakulipenda mwanzoni.

Mafunzo yalichukua takriban majuma manne. Waliofika walikuwa mchanganyiko wa ajabu: wanagenzi wa viwandani, vijana wa kampuni za meli, waliotarajia kuwa polisi na wanafunzi wa shule za mabwanyenye. Waliamka alfajiri wakakimbia, kisha wakaoga maji baridi. Tumbaku na pombe vilikuwa marufuku. Walijifunza kuendesha mashua za matanga mtoni, kuokoa anayezama na kutibu majeruhi. Walitembea mwendo mrefu milimani. Walisafiri pia baharini katika chombo cha milingoti miwili kiitwacho Garibaldi, wakijua kwamba kule nje hakuna mwalimu atakayefanya kazi kwa niaba yao.

Holt alishikilia kuwa mafunzo hayo hayakuwa ya kutayarisha mabaharia pekee. Bahari ilikuwa chombo cha kumjengea kijana utu, hata kama maisha yake yote yangepita kiwandani. Kijana hakushindanishwa na mwenzake bali na unyonge wake mwenyewe, na aliyekuwa hodari alitarajiwa kumngoja aliye dhaifu. Wahenga walinena kwamba samaki mkunje angali mbichi, na Aberdovey palikuwa mahali pa kumkunja kabla hajakauka.

Baada ya vita, mnamo 1946, iliundwa amana ya kuueneza mpango huo. Mwaka 1949 merikebu ya mafunzo ya chuo hicho, Warspite, ilikabidhiwa nahodha Alan Villiers, Mwaustralia ambaye pwani ya Afrika Mashariki ilimjua. Ndiye aliyesafiri mwaka 1938 na 1939 ndani ya jahazi la Kuwait lililotia nanga Lamu, Mombasa na Zanzibar, likaingia hadi mikoko ya Rufiji kuchukua boriti.

Kutoka baharini hadi mlimani

Ndipo likazuka swali: vijana walio mbali na bahari wafunzwe nini? Jibu lilikuwa mlima. Mwaka 1950 shule ya kwanza ya mlimani ilifunguliwa Eskdale nchini Uingereza, na mwanzoni mwa miaka hiyo ya 1950 nyingine ikaanzishwa Loitokitok. Kamba ya tanga ikawa kamba ya mpanda mlima, na Kilimanjaro, wenye mita 5,895, ukachukua nafasi ya bahari kuu. Vijana wa rangi mbalimbali walilala hema moja, wakabebeana mizigo na kupanda pamoja, jambo lililokuwa nadra katika Kenya iliyotenganisha watu shuleni, hospitalini na mahali pa makazi.

Hata hivyo, historia ya Taita Taveta haituruhusu kuisifu picha hiyo pasipo kuitazama upande wa pili. Hali ya hatari ilitangazwa nchini Oktoba 1952. Muda si muda, kambi ya Manyani, kaskazini mwa Voi, ikajaa maelfu ya Waafrika waliozuiliwa pasipo kufikishwa mahakamani kwa kushukiwa kuwa wafuasi wa Mau Mau. Mlimani, serikali ya kikoloni iliunga mkono mafunzo ya ujasiri na uongozi. Nyikani, serikali hiyo hiyo iliwafungia nyuma ya seng'enge watu waliothubutu kudai uongozi wa nchi yao.

Hahn hakuhusika na Manyani. Lakini mtu aliyepoteza nchi yake kwa kukataa kunyamazia uonevu ndiye aliyetoa kipimo cha kuwahukumia waliotumia mbinu zake. Ikiwa ushupavu bila huruma ni hatari, basi kanuni hiyo iliwahusu watawala wa Kenya sawa na ilivyowahusu watawala wa Ujerumani.

Mnamo Desemba 12, 1963, Kenya ilipopata uhuru, aliyekuja Nairobi kumwakilisha Malkia alikuwa Mwanamfalme Philip, yule mwanafunzi wa Gordonstoun. Miaka saba kabla yake, kwa kushawishiwa na mwalimu wake wa zamani, Philip alikuwa ameanzisha tuzo ya vijana ambayo asili yake ni beji aliyoibuni Hahn huko Moray katika miaka ya 1930. Mwaka 1966, chini ya Mzee Jomo Kenyatta, mpango huo ulitwaliwa nchini na kuwa Tuzo ya Rais. Kijana anayewania nishani ya shaba, fedha au dhahabu hutakiwa kuihudumia jamii, kujifunza ustadi fulani, kufanya mazoezi ya mwili na kwenda safari ya miguu pamoja na wenzake. Wengi waliovishwa nishani hizo hawakuwahi kulisikia jina la Hahn.

Lawama na miaka ya mwisho

Hahn hakukosa wakosoaji. Wapo walioziona shule zake kuwa kali kupita kiasi na zenye kumtesa mtoto mpole. Charles, mwana wa Philip aliyekuja kuwa Mfalme wa Uingereza, alisoma Gordonstoun katika miaka ya 1960, baada ya Hahn kustaafu, na hakuwa na furaha huko. Wengine walilalamika kwamba karo ilizifanya shule hizo kuwa za wenye nacho. Wasichana nao walisahauliwa kwa muda mrefu: Gordonstoun haikuwapokea hadi 1972.

Mwenyewe alistaafu mwaka 1953 kwa sababu ya maradhi, akarudi kuishi karibu na Salem. Lakini hakutulia. Mwaka 1962 chuo cha Atlantic kilifunguliwa Wales kwa msukumo wake, ili vijana wa mataifa yaliyowahi kupigana wasome na kuokoa watu baharini pamoja. Kutokana nacho kulizuka mtandao wa vyuo vya United World Colleges. Mwaka 2019 shule ya kimataifa yenye makao Moshi na Arusha ilijiunga na mtandao huo, na wanafunzi wake hupanda Kilimanjaro kama sehemu ya masomo yao.

Merikebu nazo hazikuachwa. Mwaka 1971 ilijengwa Buckie, katika pwani hiyo hiyo ya kaskazini mashariki mwa Uskoti, skuna ya milingoti mitatu ya kuwafunza vijana, ikaitwa Captain Scott. Mwaka 1977 ilinunuliwa na Oman na kupewa jina Shabab Oman, yaani Vijana wa Oman. Iliwafunza vijana wa taifa hilo kwa miongo kadhaa, hadi ilipopokewa na merikebu mpya, Shabab Oman II, mwaka 2014.

Kurt Hahn aliaga dunia mnamo Desemba 14, 1974, akazikwa Salem, mahali alipolazimishwa kupahama. Hakuoa wala hakuacha mtoto. Alichoacha ni desturi ya kumtoa kijana katika starehe zake, kumpa kamba ashike pamoja na wenzake, na kumwambia kwamba roho ya aliye kando yake imo mikononi mwake.

Kutoka Voi, msafiri anayekwenda kaskazini hufika Manyani, na anayekwenda magharibi hulikabili Kilimanjaro. Njia zote mbili zinaeleza jambo moja kuhusu mafunzo ya vijana. Si vigumu kumfanya kijana awe mkakamavu, maana hata madhalimu huliweza hilo. Kazi ngumu, iliyomshughulisha Hahn hadi kaburini, ni kumfunza huyo mkakamavu amgeukie aliyebaki nyuma na kumnyoshea mkono.